Mama Mkwe na Mkanda wa Baba Kendi

Leo mama mkwe amekata mkanda wa bwanangu kwa makasi, na bado nina hasira.

Huo mkanda una sponji ngumu mgongoni. Daktari alimpa ili asilale chali, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika usingizini.

Nimetoka kuchuma kahawa, nikapata vipande kwa meza.

"Mama, mbona umekata?"

"Mwanangu si punda. Huwezi kumfunga mzigo kitandani."

Na Baba Kendi? Ameketi hapo anakunywa chai. Huo mkanda hajawahi kuupenda.

Basi nikaenda kupika. (Mnajua ile kupika ya kugonga sufuria.)

Baada ya chakula mzee wangu akajinyoosha kwa kochi, chali. Akakoroma mpaka kuku wakatoka mlangoni. Halafu mkoromo ukakatika ghafla.

Mama akaweka kikombe chini. "Mbona amenyamaza?"

"Hapumui, Mama. Ndiyo hiyo nilikuwa nakuambia."

Akaruka, akamtikisa mabega. "Murithi! Murithi!"

Mzee akashtuka, akavuta hewa kama mtu ametolewa majini. Eti kwa nini tunamsumbua!

Nilikuwa nimeshapanga maneno makali ya kumwambia huyu mama. Lakini alikuwa bado amemshika mwanawe mabega, hamwachi.

"Baba yake alikuwa anakoroma hivyo," akasema, "mpaka ile asubuhi hakuamka. Na sisi tulikuwa tunamcheka."

Sasa niko hapa na sindano, nashona mkanda. Hasira bado ninayo, lakini jamani, nimkasirikie nani?