Mpishi Aliyekataliwa na Madeleine

Madeleine Nabintu alikuwa mpishi wa shule huko Fittja, kitongoji cha Stockholm, na watoto mia tatu walimwita mattant, jina ambalo kwa Kiswidi ni kama kusema shangazi wa chakula. Alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye pasipoti. Alizaliwa Bukavu, akapitia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, na mwaka 1999 akafika Stockholm na mumewe Boniface, ambaye sasa alikuwa dereva wa basi. Walikaa Alby, kitongoji cha jirani, ghorofa ya sita. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na neno likimjia mdomoni hakulisubirisha lipoe.

Jumapili moja ya Novemba 2008, watu wakitoka kanisani, binti wa kaka yake, Aurore, alimshika mkono.

"Shangazi, wewe unapenda kucheza?"

"Tangu lini umeniona nimekaa na ngoma inapigwa?"

"Si ngoma. Kucheza gemu. Ile ya kwenye televisheni."

Madeleine akacheka hadi kilemba kikalegea. Lakini Aurore hakuwa anatania. Alikuwa anasomea utengenezaji wa gemu, na muhula ule alikuwa mazoezini kwenye kampuni ndogo huko Södermalm, katikati ya jiji, iliyojaribisha gemu za wengine kwa wachezaji. Kampuni kutoka Osaka, Japani, ilikuwa imetengeneza gemu ya mapishi, na kabla ya kuiuza Ulaya ilitaka kuona wenyeji wa huku wakiicheza. Vijana walikwisha patikana tele. Waliokosekana ni watu wazima wanaopika kila siku.

"Kila siku?" akasema Madeleine. "Mimi napikia watoto mia tatu kabla wewe hujaamka."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Jumanne, alipomaliza kazi, alipanda treni ya laini nyekundu mpaka mjini. Akapelekwa kwenye chumba chenye kochi, televisheni kubwa, na kioo kilichojaa ukuta mzima. Bosi wa Aurore, mwanamke mwenye nywele fupi aitwaye Malin, alimweleza kwamba nyuma ya kioo kile kulikuwa na mgeni, Bwana Okudaira, mkuu wa watengenezaji wa gemu yenyewe. Alikuwa anatazama.

"Mgeni gani anajificha?" Madeleine akamnong'oneza Aurore kwa Kiswahili. Hata hivyo akakipungia kioo mkono.

Akapewa rimoti. Ukiipeleka juu na chini inakuwa kisu. Ukiizungusha inakuwa mwiko. Kwenye televisheni akatokea mpishi. Jina lake Jack. Shingo yake ilikuwa ya fahali, shavuni alikuwa na kovu, na alizikaripia nyanya kana kwamba zimemwibia. Alivunja mayai kwa ngumi. Moto ulipowaka alinguruma.

Madeleine alicheza nusu saa. Alikuwa na mkono mwepesi, na mara mbili gemu ilimpigia makofi. Lakini uso wake ulizidi kukunjamana, kama mtu aliyeonja supu akakuta haina chumvi. Malin alipomuuliza kama angependa kucheza tena, alijibu kwa Kiswahili, maana hasira humrudisha mtu kwenye lugha yake:

"Hapana. Huyu haiko mpishi. Hajanawa mikono tangu tumeanza. Haonji. Na chakula anampikia nani? Sijaona mtu hata mmoja mezani. Jikoni kwangu Fittja huyu haingii, hata kuosha masufuria."

Aurore alikitazama kioo. Mgeni alikuwa amesafiri nusu ya dunia, na yeye bado alikuwa mwanafunzi. Akamgeukia Malin, akasema kwa Kiswidi kwamba shangazi yake amemwona mhusika kuwa wa kuvutia, ila angependa mambo mawili matatu yaongezwe.

"Aurore," akasema Madeleine, safari hii kwa Kiswidi ili wote wasikie. "Mimi sijasema hivyo." Akayarudia yote mwenyewe, polepole, mpaka kwenye masufuria, Malin akiyatafsiri kwa Kiingereza kwenye kipaza sauti kilichosikika nyuma ya kioo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, miwani imepanda juu ya paji la uso. Akainama. Madeleine naye akasimama, akainama zaidi kidogo, asije akaonekana hana adabu. Bwana Okudaira alizungumza kwa Kiingereza, Aurore akitafsiri, na sasa hakuthubutu kupunguza hata neno.

"Mama, Jack si wangu. Sisi nyumbani tulikuwa na mpishi mwingine. Tulipotaka kuja Ulaya tuliambiwa kwamba watu wa huku wanapenda mashujaa wakubwa, wenye hasira. Tukamwondoa yule, tukamweka huyu."

"Nani aliwaambia?"

"Ripoti," akasema Bwana Okudaira.

"Na yule mwingine yuko wapi?"

Akafungua kompyuta yake ndogo. Humo akatokea bibi kizee mnene, mikono ya nguo imekunjwa, akiimba kwa kuguna huku akiosha mchele. Jina lake Omitsu. Alionja mchuzi, akatikisa kichwa, akaongeza kitu, akaonja tena, uso ukamng'aa. Madeleine akavuta kiti. Alicheza na bibi yule mpaka Malin akaja kumwambia kwamba muda umekwisha, na tena baada ya hapo. Alikosa treni mbili.

Alipokuwa anavaa koti akakata shauri. "Mwambie hivi, Aurore. Anataka kujua watu wa Ulaya wanapikaje, na anakaa nyuma ya kioo. Jumamosi aje kwangu."

"Shangazi, huyu ni mtu mkubwa."

"Mtu mkubwa hali?"

Jumamosi saa saba mchana Bwana Okudaira alifika Alby pamoja na Aurore, mkononi boksi la peremende lililofungwa vizuri mno hata Madeleine akaona vibaya kulifungua. Mlangoni alivua viatu kabla hajaambiwa, na hapo hapo Boniface akampenda. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa jikoni inachemka, na maji ya bukari, ugali wa kwao, yalikuwa motoni. Madeleine akamwaga unga, akamkabidhi mgeni mwiko.

Mwanzoni Bwana Okudaira alikoroga akitabasamu. Unga ulipoanza kukaza tabasamu likapungua. Akashika mwiko kwa mikono miwili, akapanua miguu, jasho likamtoka, miwani ikateleza.

"Songa, baba, songa!" Madeleine akampigia kelele. "Usiuogope! Utakuzoea!"

"Mkono unauma," akamwambia Aurore.

"Ukiuma ndiyo unga unaiva."

Baada ya chakula waliwasha gemu aliyokuja nayo mgeni, yenye wapishi wote wawili. Jirani yao Concessa, Mrundi wa ghorofa ya nne, alisikia vicheko akapanda na watu wake, na muda mfupi baadaye sebule ilikuwa na watu tisa na rimoti mbili. Hakuna aliyeuliza sheria. Aliyeshindwa alinyanyuka kwenye kochi, aliyefuata akakaa. Waliokuwa wakisubiri waliwacheka wachezaji na kuwafundisha kwa lugha nne. Wote walimtaka bibi Omitsu. Boniface peke yake alimchagua Jack, akaunguza samaki watatu mfululizo, akafukuzwa kochini na mke wake mwenyewe. Bwana Okudaira alikaa sakafuni akiandika kwenye kidaftari, hata akasahau kunywa chai.

Akiwa anaaga aliuliza, "Mama, hii ndiyo Ulaya?"

"Hii ni Alby," akasema Madeleine. "Ulaya imo humu humu."

Kiangazi cha mwaka uliofuata barua ya Bwana Okudaira ilikuja, imeandikwa kwa Kiingereza, Aurore akaisoma mezani. Makao makuu walikuwa wamebisha. Jack alikuwa amekwisha chorwa, na matangazo yake yalikuwa yamekwisha chapishwa. Bwana Okudaira naye hakukubali, na baada ya mikutano mingi wakakutana katikati: katika gemu ya Ulaya mchezaji atachagua mwenyewe kati ya Jack na Omitsu. Jack atanawa mikono. Watu hadi kumi watapokezana, anayeshindwa anampisha mwenzake. Na kuna chakula kipya, uji mzito wa kusongwa kwa mwiko, ambao usipotumia nguvu hauivi.

Madeleine alipiga vigelegele vilivyofika kwa Concessa.

Gemu haikuvunja rekodi yoyote. Iliuzwa vizuri kiasi, na wiki moja mvulana wa darasa la tano alikuja dirishani jikoni akalalamika kwamba ule uji umemchosha mkono. Madeleine akamwongezea viazi.

Kampuni ya Södermalm haikumwachia tena. Aurore akapata kazi pale pale alipomaliza masomo, na kila gemu mpya ilipotoka Japani mattant wa Fittja aliitwa kochini. Aliuliza kwa nini wanawake wapiganaji wanavaa nguo nyepesi kwenye theluji, na toleo lililofuata likawa na makoti.

Mwaka 2012, Jumatano moja alasiri, Malin alimwomba azungumze na wachoraji sita vijana waliokuja kutoka Osaka. Alizungumza kwa Kiswidi, bila kumwachia Aurore nafasi ya kulainisha. Mmoja wao, msichana aliyekuwa ameandika kila neno, akainua mkono.

"Mama, wateja wa Ulaya wanataka nini hasa?"

"Mimi siwajui wateja wa Ulaya," akasema Madeleine. "Namjua Boniface. Namjua Concessa. Ninyi mmeshamjua nani?"

Msichana akaacha kuandika. Madeleine akawacheka kwa upole, akatazama saa, akaanza kufunga vifungo vya koti. Kesho yake, kama kila Alhamisi, Uswidi nzima ingekula supu ya njegere kavu, na za Fittja zilikuwa bado hazijalowekwa.