Mwalimu mwenzangu aliwacheka nzi wangu, kisha akanifanyia yale yale

Wakuu, salamu kwenu wote. Hili limenikuta mimi mwenyewe hapa Kolwezi, siongezi chumvi, na hasira bado ninayo.

Nafundisha biolojia sekondari, kule Kapata. Kuna mwalimu wa hesabu, nimuite Béa. Nilimpenda kweli, nikamwambia nataka kumuoa.

Akanijibu, "Tata Ilunga, mi siko na moyo kwako."

Iliniuma sana.

Baadaye nikafanya experiment darasani. Tulinasa nzi wadogo wa ndizi mbivu. Dume mmoja tukampaka vumbi la malakiti, lile jiwe la kijani la mgodi wa Musonoi. Mwingine, vumbi la chaki nyekundu. Jike mmoja tukamweka kwenye kichupa amtazame jike mwenzake akipandana na yule dume wa kijani. Tulipomwachia achague, huyo kwa kijani! Kesho yake tukarudia, kijani tena.

Béa alikuja kutazama, akacheka mpaka machozi. "Hii nzi haina akili! Unachagula bwana na macho ya mwingine?"

Sasa sikieni.

Ikaja ndoa kwenye ukoo wetu. Kama kawaida ya huku, familia nzima tukashona kitenge kimoja. Mimi shati, Ngalula gauni. Ngalula ni binti wa baba yangu mdogo, anaishi Likasi, hapa hawamjui. Tukapita mtaani pamoja, watu wakaona kitenge kimefanana, basi! Prof, ndivyo wanavyoniita, kapata mchumba.

Jumatatu Béa ananiletea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki kwenye chumba cha walimu. Mimi! Viatu vile vile, sura ile ile aliyoikataa!

"Tata, mi sikukukatala. Nilikuwa nafikiri tu."

Wakuu, moyo ulinienda mbio. Ningeweza kukaa kimya nikaoa. Lakini kumdanganya sikutaka.

"Ule Ngalula ni ndugu yangu," nikasema. "Mutoto ya baba mudogo."

Uso ukabadilika pale pale. Akafunika sahani, polepole.

"Ah. Basi, acha nifikiri tena kidogo."

Akaondoka na samaki wake!

Nilichojifunza: mtu akikutaka ghafla, kwanza tazama nani amesimama pembeni yako. Kama yamewahi kukukuta, toa ushuhuda hapa. Ila asije mtu kuniambia nimsubiri.

Na anayewaita nzi wangu wajinga akome. Wao walipomchagua wa kijani, kesho yake walimrudia.