Shahidi wa Tisa

Mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, Tsuma wa Lewa, mkulima wa Magarini, alivuka mto Sabaki na mashahidi tisa. Maji yalikuwa mekundu na mengi, na mvushaji alikataa kuwachukua wote kwa safari moja. Wa tisa alikuwa shangazi yake, Kahonzi, ambaye hakuwa amekanyaga Malindi tangu meno yake yalipokuwa kamili. Vijana walimbeba mgongoni kwa zamu. Kifuani alikumbatia kipande cha kaniki, nguo nyeusi, kilichochakaa, na hakumpa mtu akishike.

Kaniki ile ndiyo kesi yenyewe. Zamani, babake Fazal, mwenye duka wa Malindi, alimwomba Lewa, babake Tsuma, mahali pa kujenga ghala la mtama. Lewa akamwonyesha. "Weka mtama wako," akamwambia, "siku ukiutoa, ardhi itabaki ilipo." Mwenye duka akatoa kaniki ya shukrani, akamkabidhi Kahonzi, dadake Lewa, aliyekuwa amewaletea maji ya kunywa. Hapakuwa na mtu wa nne. Sasa wanaume wale wawili wamekufa, na Fazal ana karatasi ya babake isemayo kwamba Lewa aliuza shamba lote, pamoja na makaburi yake. Serikali nayo ilikuwa imetangaza: kila adaiye ardhi aje athibitishe mbele ya hakimu. Atakayeshindwa, atoke.

Kwenye baraza ya korti, mkalimani, mtu wa mji mwenye kanzu safi, aliwahesabu kwa kidole.

"Tisa! Bwana Tsuma, umekuja kwa kesi au kwa arusi?"

"Nimekuja na maneno yangu."

"Nani kati yao aliyeona kwa macho?"

Tsuma alimwonyesha Kahonzi kwa kidevu.

"Basi atangulie yeye. Hakimu huyu akishiba maneno hufunga mlango. Sheria imempa hiari hiyo: akiona mashahidi wanarudia yale yale, huwakatiza. Jana mtu wa Adu alileta kumi na wawili, wakasikizwa wanne."

Siku hizi mtoto humkatiza babu yake, na watu hunena wote kwa pamoja kama kunguru. Lakini kwa kina Tsuma maneno yalikuwa na mwendo. Wadogo walifagia uwanja kwa kutaja ukoo, wa makamo wakaeleza mipaka, na mkubwa akaja mwisho, akaweka neno ambalo baada yake hakuna wa kuongeza. Kumtanguliza mkubwa ni kumshikisha ufagio mbele ya wajukuu.

"Shangazi," akasema Tsuma, "huyu anasema utangulie."

"Nimtangulie nani? Nimekuwa kuku mimi, nitolewe kwanza asubuhi?"

Wote wakacheka. Tsuma akacheka nao.

"Shauri yenu," akasema mkalimani. "Mimi nimeshanena."

Ndani, Tsuma alipoulizwa habari za ghala, alijibu kwamba neno hilo lina mwenyewe, naye yuko nje. Akaingia Nzai, mdogo wa mashahidi, akataja mababu saba. Akaingia Kambi, akaeleza jinsi ukoo ulivyovuka mto. Akaingia Mapenzi, akasimulia wema wa Lewa na miaka ya njaa. Hakimu alitazama saa yake mara mbili, kisha akalaza kalamu, akamnong'oneza mkalimani.

"Hakimu asema amesikia watatu, na wote wamesema mlikaa pale. Hilo hata Fazal hakatai. Waliobaki hatawasikiza."

"Mwambie hatujaanza!"

Mkalimani alisita, kisha akafasiri. Jibu lilirudi upesi. "Asema ulikuwa na asubuhi nzima ya kuanza."

"Mwambie yuko aliyeona! Shangazi yangu! Yuko hapo nje, ukuta mmoja tu!"

Hakimu alikuwa keshachukua kalamu. Mkalimani aliinamisha macho. "Asema mtu mwenye shahidi aliyeona humleta wa kwanza. Wewe umemweka wa mwisho, basi naye hana neno."

Tsuma alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alijua tangu hapo kwamba kila mkwaruzo ulikuwa ukimng'oa Magarini, na aliyeuanzisha ni yeye.

Alipotoka, Kahonzi alikuwa ameikunjua kaniki magotini na kufuta midomo yake kwa ukingo wa nguo.

"Zamu yangu imefika?"

Tsuma alichuchumaa mbele yake. Kahonzi akamtazama usoni, akaelewa, akainuka kwa kushika nguzo. Pale pale akalitoa neno lake kwa sauti ya barazani, tangu maji ya kunywa hadi ardhi itabaki ilipo, bila kuruka hata moja. Askari alikuwa akifunga mlango wa korti, na hakusimama. Fazal, aliyekuwa akishuka ngazi na karatasi yake kwapani, alisimama. Alilisikiza lote. Akaitazama ile kaniki, na rangi ikamtoka.

"Shikamoo, mama," akasema polepole.

"Marahaba. Wewe umenisikia?"

Fazal alikazia macho njia ya dukani, akaenda bila kugeuka.

Kabla mtama haujavunwa, walikuja Magarini watu wenye minyororo ya kupimia na mawe ya mipaka. Jiwe la kwanza walilichimbia kando ya kaburi la Lewa.