Aliyeniita Mke Mwenzake Chini ya Jiji

Ilianza Alhamisi, tarehe 4 Juni 2020, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, kwenye jukwaa la chini ya ardhi la stesheni ya Museum. Nimeandika siku na saa kwa sababu najua utasema niliota. Sikuota. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu, begi la shule mgongoni, njaa inaniuma. Nani anaota akiwa na njaa ya namna ile?

Kwanza nikueleze nilifuata nini kule, maana sisi tunakaa Quakers Hill na mjini ni mbali. Mwalimu wa Sanaa alitupa kazi: chagua mahali, upige picha vitu vidogo ambavyo watu wanavipita bila kuvitazama. Wenzangu walichagua bustani za kwao. Mimi nilichagua stesheni za chini ya ardhi. Niamini, kwa mtu mwenye haya kama mimi hakuna mahali pazuri zaidi. Kigae hakikuulizi umetoka nchi gani. Reli ya ngazi haikuambii urudie ulichosema.

Siku ile nilikuwa nimeshapiga picha kwa simu jina la stesheni, lile lililoandikwa kwenye ubao unaokata duara katikati. Nilikuwa nimepiga dari ilivyopinda kama tumbo la mtungi, na pembe za benchi zilizolainishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Jukwaa lilikuwa karibu tupu. Watu walikuwa bado wanaogopa treni kwa sababu ya maambukizi, na ndani ya mabehewa kulikuwa na vibandiko vya kijani kukuonyesha pa kukaa ili usimkaribie mwenzako.

Tena, nisikufiche, sikutaka kurudi nyumbani mapema. Nyumbani Babu alikuwa anakwisha.

Babu ni baba yake Mama. Mke wake, Nyanya, alikuwa amebaki kwetu, Uvira. Karatasi zake za kuja huku ugenini zilikaribia kutoka, mara mipaka ikafungwa, na Aprili akafariki. Maziko yake tuliyatazama kwenye simu. Picha ilikwama kila mara, na mwisho ikakwama moja kwa moja, mtu kainua koleo lenye udongo. Hatukuona udongo ukianguka.

Kwetu mtu akifa nyumba inajaa. Watu wanalala sebuleni, wanapika, wanaimba, mpaka siku ya kuondoa kilio. Siku hiyo aliyefiwa ananyolewa, halafu analishwa, ndiyo anarudi kwa wanaoishi. Lakini siku zile tuliruhusiwa wageni watano tu. Mama aliwapigia simu wazee wetu wa Campbelltown na Lidcombe, wakakubaliana: tungoje mpaka watu waruhusiwe kujaa. Basi tukangoja. Babu naye akangoja, nywele na ndevu zinaota, chai tu ndiyo inapita kooni. Suruali yake ilifungwa kwa kamba. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Mama kazi yake ni kuwalisha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, na alikuwa akirudi anajifungia jikoni kulia, kwa sababu baba yake mwenyewe anakataa kijiko chake.

Na mimi? Mimi Kiswahili nilikielewa chote, lakini mdomo ulijibu Kiingereza. Babu Kiingereza hakijui. Kwa hiyo tulikuwa tunatazamana tu.

Sasa sikiliza.

Nilipiga magoti kupiga picha kigae cha kona, pale ukuta unapokutana na sakafu. Hicho kigae hakikukatwa, kimefinyangwa kwa mviringo ili uchafu usipate pa kujificha. Kinang'aa sana. Nikaona ndani yake rangi ya njano na bluu, kama kitenge. Nikageuka. Hakuna mtu. Nikatazama tena kigae: kitenge kipo, na kinakaa chini. Nikageuka mara ya pili, na mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye benchi.

"Muke mwenzangu," akasema, "kuta unazipiga picha, watu unawapita bila salamu?"

Simu nusura inidondoke. Ujue, kwetu nyanya na mjukuu wa kike wanataniana hivyo. Nyanya anamwita mjukuu mke mwenzake, na babu anamwita mke wake mdogo. Lakini ni utani wa ndani ya nyumba. Mtu wa njiani hawezi kukuita hivyo.

"Hello," nikasema.

"Hello ya nini? Niko muzungu?"

"Jambo, Mama," nikajibu, sauti kama ya mbu.

"Jambo sana. Sasa ndiyo mutu."

Hapo ndipo nilipogundua jambo lililonisimamisha nywele. Stesheni ile ina mwangwi. Ukikohoa, dari inakohoa na wewe. Hata ile jambo yangu ndogo ilirudi. Maneno yake hayakurudi. Yalifika kwangu yakaishia hapo. Kisha treni ikaingia na ule upepo wake unaosukumwa kutoka kwenye shimo. Begi langu likapepea mikanda, karatasi ya biskuti ikaruka, nywele zangu zikanijaa usoni. Pindo la kitenge chake halikutikisika. Milango ikafunguka, ikafungwa, treni ikaondoka. Kwa nini sikupanda? Najiuliza mpaka leo. 

"Mume wetu anaendeleaje?" akauliza.

"Hataki chakula."

"Atakulaje na kilio kiko kichwani? Nywele zimefika wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono, zimeanza kufunika masikio. Akacheka, akapiga paja.

"Yeye na mashauo yake! Kila Jumamosi kioo, kila Jumamosi kinyozi. Sasa amekuwa kichaka. Na kwa nini hamumunyoi?"

"Mama anasema tungojee wazee."

"Wazee!" Alisonya, na hata ule msonyo haukuwa na mwangwi. "Wazee ni wa kukula nyama. Mwanaume akifiwa na bibi, anamunyoa nani? Muke mwenza wa marehemu. Mimi sikukuwa na mwingine. Nilikuwa na weye."

"Mimi sijui kunyoa."

"Nani alijua? Na yeye hawezi kuomba. Aliyefiwa haombi wembe. Munangoja yeye, yeye anangoja weye. Mutangoja mupaka mumuzike?"

Akageuka kunitazama vizuri, na taa ikamwangukia kwenye paji la uso. Ee Mungu wangu. Nyanya nilimwacha nikiwa mtoto wa kubebwa. Nilimjua kwa simu tu, na simu hakuwahi kujua kuishika: miaka yote tuliona paji la uso, nyusi moja, na bati la nyumba yake. Uso wake mzima nisingeutambua barabarani. Lile paji, na ile nyusi iliyokatika katikati, ningevitambua hata usingizini.

Nilikimbia. Sioni haya kukuambia. Nilipanda ngazi mbili mbili hadi juu kwenye baridi, nikatembea kwa miguu mpaka Central, nikapanda treni ya kwetu na kusimama njia nzima mlangoni.

Usitegemee nikuambie kwamba anaonekana kwenye picha. Haonekani. Nimeikuza ile ya kigae mpaka imebaki nukta nukta. Ni kigae tu.

Lakini nilipofika nilimwuliza Mama, kwa Kiswahili, ni nani kwa desturi anayemnyoa mwanaume aliyefiwa. Mama aliniacha nimalize, kijiko hewani, kwa sababu alikuwa hajawahi kunisikia nikisema sentensi ndefu hivyo. Akasema ni wazee, nani mwingine? Yeye alikulia kambi ya wakimbizi, mambo mengi aliyasikia nusunusu. Nikamsihi apige simu Uvira, kwa dada mkubwa wa Nyanya. Kule ulikuwa mchana. Bibi yule alisikiliza, akasema, "Kama hakuna muke mwenza wa kweli, ni mujukuu. Zamani ilikuwa hivyo. Mulikuwa hamujui? Na huyo mutoto nani alimwambia?"

Nikachukua kijiko mkononi mwa Mama, nikakoroga sufuria. 

Tangu siku ile stesheni hiyo siingii peke yangu. Nikiwa chini ya ardhi popote, nakohoa kidogo kwanza, nisikie kama dari inajibu. Na wewe unayesoma, nakuonya: mtu akikuita kwa utani wa nyumbani kwenu mahali ambapo hakuna anayekujua, mjibu kabla hujakimbia, kwa lugha aliyokuitia. Halafu ukifika nyumbani fanya alichokuambia kabla usiku wa pili haujaingia. Usingoje watu wajae. Unaweza kungoja watu, ukajaza nyumba kwa msiba wa pili.

Ile asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilichelewa shule makusudi. Mama alinipa mashine ya kunyolea, maana wembe alisema nitamkata. Nikamkuta Babu ameketi kitandani, anatazama ukuta.  Nikasema, kwa Kiswahili changu kilichopinda, "Mume wangu, inamisha kichwa, nimekuja kukunyoa."

Aliuacha ukuta, akanigeukia. Kisha midomo ikaanza kumcheza, na akainamisha kichwa taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Nywele nyeupe zilianguka kwenye taulo. Alilia kidogo, mimi nikalia zaidi, na Mama mlangoni akalia kutuzidi wote. Nilipomaliza alijipapasa utosi mpaka kisogo.

"Weye," akasema, na ilikuwa sauti yake ya zamani kabisa, "unanyoa mutu kama unalima mihogo."

Nikaleta uji. Nikamlisha kijiko cha kwanza, kama inavyotakiwa. Akameza. Akameza cha pili. Cha tatu akakunja uso.

"Sukari iko wapi? Munanifanya mugonjwa?"

Nikakimbia jikoni kuleta sukari.