Manga Ilivyoonekana Kutoka Majini

Sikuwa nimepanda meli tena tangu nikiwa msichana wa darasa la tatu. Desemba iliyopita nikapanda, kwa sababu mwanangu wa kiume ukimwambia hapana ni kama hujasema kitu. Alitulipia safari ya siku mbili ziwani, mimi na mke wake na binti yao mdogo, katika meli ya watalii inayoondokea Kisumu na kuzunguka ghuba. Nilimwambia pesa hizo zingetosha kuezeka jiko langu. Akacheka tu. Basi tukapanda, na ile harufu ya mafuta ya injini iliyochanganyika na maji na samaki ikanijaa puani mpaka nikatafuta kiti. Mke wa mwanangu alidhani ni kizunguzungu, akaniletea maji ya chupa. Mimi sikuwa na kizunguzungu chochote. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu.

Labda wewe hujafika Manga, kwa hivyo nikueleze kidogo. Ni mlima mrefu uliokatika upande mmoja, mwamba mtupu, na chini yake migomba imejaa mpaka huoni nyumba. Nyumba ya nyanya yangu mzaa mama ilikuwa hapo chini. Nililelewa kwake kwa kuwa baba alikuwa karani bandarini Kisumu, na yeye na mama walikuwa na chumba kimoja tu na watoto wadogo wawili. Hata leo nikifumba macho nasikia jiwe lake la kusagia wimbi asubuhi, krrr, krrr, na nasikia harufu ya chinsaga, ile mboga chungu, ikichemka polepole na maziwa. Tukitoka shambani kuchuma pareto vidole vilikuwa vinanuka maua siku nzima, hata ugali ukionja unaonja pareto. Siku hizi nanunua chinsaga sokoni, naipika na maziwa ya pakiti. Si ile, na nimeacha kujidanganya.

Kuni tulizitafuta juu Manga kwenyewe. Tukifika kileleni nyanya alikuwa anatua mzigo wake, anageukia upande jua linakotua, na huko mbali kabisa, kukiwa hakuna ukungu, ziwa linang'aa. Watoto wengine walikuwa wanasema wanataka kwenda huko waone samaki. Nyanya hakuwa na haja na samaki. "Mimi nataka nisimame pale majini," alikuwa akisema, "nitazame hapa. Miaka hii yote nimeliona ziwa kutoka kwangu. Sijui kwangu kunaonekanaje kutoka kule." Alisema hivyo mara nyingi sana, hata babu alikuwa anamwambia ahamie huko basi, atuache tule kwa amani.

Ila macho yake yalikuwa yanakwenda. Mimi nilijua kabla ya wote kwa sababu nililala naye na kupika naye. Mboga alizitia chumvi mara mbili. Mtu akipita njiani aliuliza, "Nani huyo anayeburuta mguu?" kana kwamba anatania, kumbe alikuwa anamtambua kwa mwendo. Nilipotaka kumwambia mama, nyanya akanishika sikio. Kwetu nyanya na mjukuu hawana haya kati yao, wanataniana wapendavyo, na yeye tangu nizaliwe alikuwa ananiita mke mwenzake. "Mke mwenzangu," akasema, "ukimwambia mama yako watanifungia ndani kama kuku anayeatamia. Nitamwambia babu yako akurudishe kwenu." Nikafunga mdomo wangu. Lakini tangu siku hiyo kila tulipopanda Manga nilikuwa naogopa, maana alikuwa anageuka kutazama ziwa na kuniuliza leo linang'aa au halinang'ai.

Mwishoni mwa miaka ya sitini baba alipata likizo, na pamoja na likizo akapewa ruhusa ya kusafiri bure na jamaa yake kwa meli mpaka Mwanza na kurudi. Mama ndiye aliyemwambia aandikishe jina la nyanya. Habari ilipofika kijijini nyanya aliinuka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko, akarudi akiwa ameosha uso. Kisha mama akaongeza, kwa furaha kabisa, kwamba tumepewa chumba kimoja cha vitanda sita, sote pamoja.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Karani aliyegawa vyumba hakuwa wa kwetu, angejuaje? Kwa Wakisii mkwe na mama mkwe wana heshima yao, tunaiita chinsoni. Hawakai karibu karibu, hawatazamani machoni, na kulala chini ya paa moja ni jambo lisilotamkwa. Baba aliposikia habari ya vitanda sita alitaka kurudisha ruhusa yote. Nyanya naye akasema hendi, asante, tumwache na mbuzi wake. Alisema hivyo huku anakunja na kukunjua leso yake magotini. Mimi nililia. Nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua, kwamba likizo nyingine ikija nyanya hataona hata mlango wake.

Babu ndiye aliyekwenda kwa wazee wa ukoo kuuliza. Walikaa juu ya jambo hilo siku nzima, na wengi wao hawakuwa wameiona meli hata kwa picha. Je, meli ni nyumba? Ina paa, akasema mmoja. Lakini haikai mahali pamoja, akasema mwingine, na nyumba haitembei. Mwishowe wakaamua kwamba meli ni njia. Watu wawili wenye chinsoni wanaweza kupita njia moja, mradi mmoja asimkaribie mwenzake na wasilale chini ya kifuniko kimoja. Nyanya alale juu, nje kwenye sitaha, na mkwewe alale chini chumbani. Babu alirudi na habari hizo kama aliyeshinda kesi. Yeye mwenyewe alikataa kusafiri, alisema ng'ombe wana mimba.

Tulipanda basi la asubuhi, nyanya na mimi, mpaka gati la Kendu. Alikuwa amepika tangu jana yake. Tulikuwa na ugali wa wimbi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, ndizi mbivu, karanga za kukaanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho alikipakata njia nzima kama mtoto. Meli ilipokuja kutoka Kisumu, nyeupe, ikapiga honi, wanawake wote gatini wakaziba masikio isipokuwa yeye. Mama alikuwa anatupungia juu. Baba, kwa kumpisha mama mkwe wake, alikuwa amesimama mbali, huko mwisho wa meli, kofia mkononi.

Ungecheka ungeona mwendo wao siku ile. Nyanya akisogea mbele, baba anarudi nyuma. Baba akitaka kupita kwenda msalani, inabidi azunguke upande wa pili wote. Na kwa kuwa hawakuweza kusema ana kwa ana, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Nikakimbia huku na huku. Mwambie nyanya kuna chai. Mwambie baba yako Msabato hanywi chai, na amesahau dini tangu apate kazi. Mwambie nyanya basi ale samaki, anakaangwa sasa hivi. Nyanya akanirudisha mpaka kwa mpishi nikaulize kama samaki huyo ana magamba, maana asiye na magamba Biblia imemkataza. Mpishi akanionyesha magamba sakafuni. Hapo nyanya akala, akasifu, akalamba vidole.

Kisha meli ikatoka Kendu. Ilikuwa mchana umepinda, jua liko magharibi mbele yetu, hewa safi baada ya manyunyu. Baba aliniita. Aliinama, akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kamwambie nyanya yako atazame kushoto, nyuma kidogo. Manga ile." Nikatazama. Kweli ilikuwa pale. Ilikuwa ndogo na ya buluu, na ule upande uliokatika umepigwa na jua. Nilitaka kupiga kelele. Nikakimbia kumtafuta nyanya.

Nilimkuta upande wa kulia. Alikuwa ameshika vile vyuma vya ubavuni kwa mikono miwili, ameinua uso, anatazama ng'ambo ya Asembo, nchi ya watu wengine kabisa. Na alikuwa anatabasamu. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Mke mwenzangu, njoo uone. Naiona. Ile pale Manga." Akanyoosha kidole. "Tazama moshi ule. Ni jikoni kwangu. Babu yako ametia kuni mbichi tena, mzee yule hata moto unamshinda. Na migomba yangu ile, upande wa kisima, unaiona? Inataka kukatwa majani." Alisema yote hayo, na mbele yake kulikuwa na ukanda mwembamba wa nchi kavu na mitumbwi miwili.

 Mama alikuwa amefika, akaona, akaweka mkono mdomoni. Sasa alijua. Nikageuka kumtazama baba huko mwisho wa sitaha, nikimwomba kwa macho. Yeye alikuwa akituona vizuri. Aliona mama mkwe wake ameipa Manga mgongo.

Baba akaja. Alitembea pole pole, kofia ameibana kwapani, moja kwa moja kuelekea kwa mtu ambaye tangu alipooa hajawahi kumkaribia. Nilidhani anakuja kumgeuza. Hakumgeuza. Alisimama hatua chache kutoka kwake, akashika vyuma vile vile, akatazama ng'ambo ya Asembo. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ee mama. Ndiyo Manga. Hata moshi unaonekana."

Nyanya hakugeuka kumtazama, adabu haikuruhusu. Aliitikia kwa kichwa tu. "Asante, mwanangu," akasema. Mama akaja akasimama nao. Wakawa watatu, wamepanga mstari, wanatazama nyumbani mahali ambapo nyumbani hapakuwepo. Mimi peke yangu ndiye niliyetazama nyuma, nikaiangalia Manga ya kweli mpaka ikaanza kufifia, kwa kuwa niliona ni lazima mmoja wetu aiage.

Mwanza tulifika, tukaona mawe makubwa na soko na mengine ambayo nimeyasahau. Kule kanisani kwetu nyanya alilisimulia jambo lile kila Sabato mpaka wakachoka. Kabla ya mavuno ya wimbi yaliyofuata macho yalifungika kabisa, nami nikawa namshika mkono hadi kisimani. Akiwa na huzuni aliniomba nimkumbushe Manga tuliyoiona kutoka majini, na nilimkumbusha, kuanzia moshi. Sijui kama alijua. Siku nyingine nadhani alijua, na kwamba asante ile aliyompa baba ilikuwa ya kitu kingine. Nilitamani kumuuliza nikawa naona haya, mimi mjukuu wake nisiyepaswa kuwa na haya naye. Sasa wote wamelala chini ya migomba, kila mmoja kwao, na siwezi kukuambia ninavyotamani kuwaona. Natamani hata kukimbizwa na ujumbe wao wa chai.

Zile meli kubwa za abiria ziliacha kupita Kendu zamani. Meli hii ya mwanangu ina muziki, ina viti vyenye mito, na hakuna aliyekuja na kibuyu. Mchana ulipopinda mjukuu wangu alikuwa upande wa kulia, anapiga picha kwa simu. Ana miaka tisa. Anajua Kiingereza na Kiswahili chao cha Nairobi, na mimi ananiita shosho. Nilishachoka kumwambia aseme magokoro, yaani nyanya kwa lugha yetu.

"Shosho, dadi amesema kwenu huonekana hapa. Ni pale?" akauliza. Alikuwa ananyooshea kidole ng'ambo ya Asembo.

 Neno lilikuja mdomoni lenyewe, ndiyo, ni pale, hata moshi unaonekana, kama baba alivyosema. Nikalimeza. Nyanya aliibeba Manga yote kichwani, hakuhitaji kuonyeshwa na mtu. Huyu mtoto hajawahi hata kulala chini yake. Nikamshika mabega, nikamvusha mpaka upande wa kushoto, nikamwelekeza nyuma kidogo. Ilikuwa pale pale, ndogo, ya buluu.

Aliangalia sana, maskini, alijitahidi. "Lakini ni mlima tu," akasema.

"Ni mlima," nikasema. "Sasa tazama chini yake. Kuna moshi unatoka jikoni. Kuna mzee ametia kuni mbichi."

Jiko lile lilianguka kabla baba yake hajazaliwa. Mjukuu wangu aliweka simu mfukoni, akakaza macho, akaniuliza moshi uko wapi. Nikainama mpaka shavu langu likagusa lake, nikamwonyesha.