Risala Iliyopunguzwa

Jina la Pindo tulimpa sisi wenyewe darasani, kwa sababu hakuwahi kukabidhi nguo bila kulikagua pindo lake mara mbili. Ni mke wa fundi bomba, watoto wake wameshakuwa wakubwa, na alikuja chuo cha ushonaji akiwa na mvi tayari. Tulipotakiwa kuchagua mtu wa kuandika risala ya mahafali hatukubishana. Mimi nilikaa naye dawati moja, kwa hiyo mateso yake niliyaona yote.

Alichotaka kumwambia mgeni rasmi kilikuwa kimoja tu: vyerehani vya chuo ni vibovu. Vingi vimekufa, na vilivyobaki vinakata uzi ovyo. Nusu ya mafunzo tumeyapata kwa kutazama ubao! Sisi tulikuwa tunaondoka zetu, lakini mdogo wake Pindo alikuwa anaanza muhula unaofuata, na kila mtu alijua mgeni rasmi ana vyerehani vipya anavyotafutia chuo cha kukipa.

Mkuu wa chuo alisoma rasimu ya kwanza, akavua miwani.

"Mama, 'vibovu' ni neno kali. Mgeni atatuonaje?"

"Atatuona tuna vyerehani vibovu, mkuu."

"Andika 'changamoto'."

Akaandika changamoto. Rasimu ya pili ikarudi, ziwe "changamoto chache". Ya tatu nayo ikarudi, ziwe "changamoto chache ambazo uongozi unazifanyia kazi". Kazi gani? Tulichoona sisi ni turubai jipya lililofunikwa juu ya vile vilivyokufa.

"Anapunguza tu, anapunguza tu!" Pindo alifoka, akaitupa karatasi mezani. "Ingekuwa gauni, saa hizi lisingepita hata kichwani."

Juu ya hayo, mkuu akataka mgeni ashonewe gauni la zawadi, na kazi ikamwangukia Pindo huyo huyo. Alijaribu cherehani cha darasani, kikamtafunia kitambaa. Akakusanya vitu vyake, akaenda kushona nyumbani kwenye cherehani cha mama mkwe wake, chuma cha zamani ambacho bibi huyo haruhusu mtu akiguse kabla ya kunawa mikono.

"Nakuazima mara hii tu," mama mkwe alimwambia. "Mwambieni huyo mkubwa wenu awape vya kwenu. Changu si cha chuo."

Siku ya mahafali Pindo aliisoma risala kwa sauti kavu, kama anasoma maelezo ya dawa. Alipofika kwenye changamoto chache alimtazama mkuu. Nilimwomba Mungu Pindo aropoke. Hakuropoka, maana cheti chake kilikuwa bado mezani kwa mkuu, hakijatolewa.

Mgeni rasmi, mama mmoja mcheshi, alikabidhiwa gauni. Akaligeuza ndani nje, akalipitisha pindo vidoleni.

"Jamani! Chuo kinachotoa kazi kama hii kina vyerehani vya maana. Nilikuja na nia ya kuwaletea vingine, lakini naona bora niwapelekee wenzenu wenye shida. Nani kashona hili?"

Vidole vyote vikamwelekea Pindo. Akasimama.

"Mimi, mheshimiwa. Kwa cherehani cha mama mkwe wangu, maana vya hapa..."

Ukumbi ukaangua kicheko, maneno yake yakapotelea humo.

"Mama mkwe anayeazima cherehani!" mgeni rasmi alisema huku akifuta machozi ya kucheka. "Huyo apigiwe makofi!"

Yakapigwa. Mkuu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilimsindikiza Pindo hadi kwao. Mama mkwe alikuwa mlangoni anatusubiri, na yule mdogo wake Pindo yuko nyuma yake.

"Haya, mmepewa?"

"Umepigiwa makofi, mama. Ukumbi mzima."

Bibi alimkodolea macho mkwewe. Kisha akamgeukia yule mwanafunzi wa muhula ujao.

"Kanawe mikono," akamwambia.