Bibi alivyoibishia filamu ya Rais

Jamani, leo Bibi ameibishia filamu ukumbi mzima ukisikia!

Ni ile ya Rais wetu wa kwanza. Kwenye filamu, wanakijiji walikuwa wakihamia kijiji cha Ujamaa, wanaimba, vumbi linang'aa kama ndotoni. Baba akapiga makofi.

Bibi akasema kwa sauti, "Hatukuimba. Nyumba yetu ilibomolewa."

Watu wakaguna.

"Mama, lakini kule ndiko nilikosoma," Baba akamnong'oneza.

"Najua. Hata mimi nilimlilia Rais alipofariki."

Tulipotoka, Baba akamshika mkono. "Nyumba yenyewe ilikuwaje?"

Baba hajawahi kumuuliza, na ana zaidi ya miaka hamsini!

Bibi akafumba macho, akaanza kutuonyesha kwa kidole: mlango huku, jiko kule. Tukasimama pale mtaani Gongoni tukiitazama nyumba ile.

Ninyi je, mmeshawauliza wazee wenu?